Ng'ombe wa Nashilu na Gogo la Daraja

Lerionka aliisikia habari ile akiwa amesimama kando ya barabara mpya ya kwenda Kisongo, mguu mmoja juu ya jiwe, fimbo kwapani, na tangu mwanzo hakuipenda sauti iliyoileta. Ilikuwa sauti ya Lemburis. Lemburis huyo, ambaye utotoni alilia siku nzima kwa sababu ndama alimkanyaga kidole, siku hizi alikuwa nyampara wa Boma la serikali ya Wadachi, kofia nyekundu kichwani, na kila neno lazima alitamke mara mbili, kwanza kwa Kimaasai halafu kwa Kiswahili cha askari, kana kwamba watu wa Olasiti walizaliwa juzi.

"Daraja la Themi linataka magogo," alisema Lemburis. "Magogo ya mtarakwa, kutoka mlimani. Bwana Kamba amesema hivi. Mwezi huu ufe, na unaofuata ufe, kisha atachagua watu. Kila kijana wa barabara atanyanyua gogo, ataliweka begani, atatembea nalo mpaka mtoni. Atakayeweza atabaki hapa kujenga daraja. Atakayeshindwa atapelekwa Tanga, kwenye mashamba ya mkonge."

Bwana Kamba alikuwa Mzungu wa barabara. Jina lake la kweli lilimshinda kila mtu kulitamka, lakini kamba yake ya kupimia walikuwa wanaijua, maana hakuiacha hata akienda kujisaidia.

"Na kwa nini anayeshindwa ndiye aende mbali?" aliuliza Lerionka. "Huo mkonge unakatwa na wagonjwa?"

"Usiniulize mimi, mzee. Mimi naagizwa."

"Ndilo jina lako siku hizi. Naagizwa mwana wa Naagizwa."

Watu wakacheka, Lemburis akajifanya anaweka kofia sawa. Lakini Lerionka mwenyewe hakucheka. Macho yake yalikuwa kwa Simel, mwanawe, aliyekuwa amekaa juu ya rundo la kokoto na wenzake. Simel alikuwa morani, urefu anao, nywele ndefu zilizosukwa anazo, lakini homa ya masika iliyopita ilikuwa imemnyonya. Mabega yake yalichongoka kama ya mbuzi wa kiangazi. Jiwe la ukubwa wa kichwa lilimfanya ahangaike, sembuse gogo.

Alikuwa mtoto wake wa pekee. Mama yake, Nashilu, alikuwa amefariki, na tangu hapo nyumba ya Lerionka ilikuwa na watu wawili na moto mmoja usiowashwa vizuri. Vijana waliokwenda Tanga kutoka Olasiti walijulikana kwa majina. Aliyerudi alikuwa mmoja, na alirudi na kikohozi ambacho hakikuchelewa kumzika. Kwa hiyo jambo lenyewe lilikuwa wazi kama jua la saa sita: mwezi wa pili ukifa Simel hajaweza gogo, Lerionka atabaki na moto wake peke yake.

Alirudi nyumbani akinung'unika njia nzima. Watu wa Boma wana akili gani, aliwauliza mbuzi aliokutana nao. Wanamchukua mtu mgonjwa, wanampa mawe abebe tangu alfajiri, wanamnywesha uji unaoweza kuona sura yako ndani yake, halafu wanataka awe na nguvu. Wao wanadhani nguvu inatoka kwenye kazi, kama moshi unavyotoka kwenye kuni. Upuuzi. Nguvu ni nyama. Kila Mwarusha alilijua hilo kabla Mdachi hajaiona hata picha ya Meru. Morani anakwenda porini, orpul, mahali ambapo dume anachinjwa mbali na macho ya wanawake, na wenye rika moja wanakula pamoja mpaka mifupa inabaki myeupe. Wanakwenda watoto, wanarudi simba. Yeye mwenyewe alikwenda. Na mabega yake, hata sasa uzeeni, yalikuwa bado yanatajwa.

Kulikuwa na ng'ombe mmoja. Siku Nashilu alipoolewa alikabidhiwa ng'ombe wa nyumba yake, kama desturi ilivyo, na wale ni wa wanawe. Ndigana, ile homa ya kupe, iliwamaliza wote isipokuwa dume mmoja mweusi mwenye baka jeupe usoni. Watu walimwita Ng'ombe wa Nashilu, na Lerionka alikuwa amekataa kumwuza, kumkopesha, hata kumzungumzia.

"Tunamchinja," alimwambia Simel.

Simel aliinua kichwa. "Yule?"

"Kwani yuko mwingine? Ni wako. Mama yako alikuachia. Afadhali akuingie mwilini kuliko afe kwa kupe."

Ila kwanza ilibidi Simel aachiwe na barabara. Lerionka alimpelekea Lemburis kondoo dume mwenye mkia mnene, akamwambia kijana bado ana homa, anahitaji kupumzika mpaka siku ya kuchagua. Lemburis aliuminya ule mkia kwa vidole viwili.

"Kweli anaonekana mgonjwa," alisema. "Mwache apumzike."

*

Waliweka kambi kwenye korongo lenye miti juu ya Olasiti, penye kijito. Dume alichinjwa kwa heshima, damu ikanywewa ikiwa ya moto, supu ikachemshwa na magome ya olkiloriti, ambayo ni machungu na huamsha mwili. Nyama nyingine ilibanikwa siku zile za mwanzo, nyingine ikakatwakatwa, ikakaangwa na kuzamishwa katika mafuta yake ndani ya vibuyu, ikae muda mrefu.

Tatizo lilikuwa moja. Morani hali peke yake. Akila peke yake ni aibu, ni kama fisi. Lazima awe na mwenzake wa rika, hata mmoja. Na vijana wote wa rika la Simel walikuwa barabarani, na Lemburis hakuwa tayari kumwachia mgonjwa wa pili kwa mkia uleule.

Aliyepatikana ni Bariki. Alikuwa ametahiriwa siku moja na Simel, lakini baadaye alikwenda kwa wamisheni, akabatizwa, akanyoa nywele. Alikubali kupanda korongoni kila jioni akitoka kazini.

"Shikamoo, mzee," alisema siku ya kwanza, bado na vumbi la barabara usoni.

"Hiyo shikamoo umeiokota wapi, kwa askari?"

"Kwa mwalimu."

"Ndio haohao. Kaa ule."

Bariki alikaa, akafumba macho, akainamisha kichwa mbele ya nyama, midomo ikicheza.

"Unafanya nini?"

"Nashukuru, mzee."

"Ng'ombe ni wetu, nyama nimebanika mimi. Unamshukuru nani na mimi niko hapa?"

"Nawe nimekutaja," alisema Bariki, na Simel akacheka mpaka akakohoa.

Jioni ileile alitokea mwingine. Loishiye naye alikuwa wa rika lao, tulivu, mrefu, mtoto wa mjane ambaye ng'ombe wake walikwisha kwa ndigana kama wa wengine. Alisimama mbali kidogo, kama mtu mwenye adabu anavyosimama, akisubiri kuitwa. Kwa desturi asingehitaji hata kusubiri. Wa rika hafukuzwi kwenye orpul.

Lerionka alimwona, akamwona pia dume aliyelala vipande vipande, akahesabu moyoni midomo na mifupa.

"Umefuata nini?" aliuliza.

"Nimesikia wenzangu wako huku, mzee."

"Wenzako wako wawili na wanatosha kuondoleana aibu. Dume huyu ni wa nyumba ya mama yake Simel, na Simel ndiye anayetakiwa kupona. Nenda kaliambie Boma likulishe, si ndilo linalokufanyisha kazi?"

Loishiye alimtazama Simel. Simel alitazama moto. Yule kijana akasema sawa mzee, akageuka, akashuka korongo taratibu, na Bariki akaacha kutafuna kwa muda.

"Kula," alisema Lerionka. "Unaangalia nini?"

*

Kuanzia hapo Lerionka alimlinda mwanawe kama mtu anavyolinda asali dhidi ya sisimizi. Simel asikate kuni. Simel asichote maji. Asiruke na kuimba kama morani wafanyavyo kambini, maana nguvu inamwagika kwa jasho, na jasho ni mafuta ya dume. Akae kivulini, alale, na jioni Bariki akija ale mpaka pumzi iwe fupi.

"Baba, miguu imekufa ganzi," Simel alisema.

"Ganzi ni nguvu inatulia."

Lerionka mwenyewe hakuonja. Nyama ilikuwa ya Simel. Yeye alishuka nyumbani, akapika uji wake wenye madonge, akala amesimama, akapanda tena korongoni kukaa na mwanawe. Nashilu angemwona angemcheka, lakini Nashilu hakuwepo kumcheka, na hilo nalo alikuwa na hasira nalo.

Na kweli Simel alibadilika. Uso uling'aa. Mashavu yalijaa. Tumbo lilitangulia kidogo mbele yake anaposimama. Mwezi wa kwanza ulipokuwa unakaribia kufa, Lerionka aliona wakati umefika wa kujifurahisha. Alikuwa amekata gogo la mtarakwa, unene na urefu uleule wa magogo aliyoyaona yamepangwa karibu na Themi, akalilaza kando ya kambi. Jioni Bariki alipofika, alisema, "Haya. Mwonyeshe mwenzako."

Simel aliinama, akalikumbatia gogo upande mmoja, akavuta. Gogo likafika magotini. Uso wake uliokuwa unang'aa ukawa wa zambarau. Gogo likarudi chini, nusura limponde kidole.

"Umelishika vibaya," alisema Lerionka. "Rudia."

Alirudia. Mara hii halikufika hata magotini.

"Hebu nione kama ni zito kweli," alisema Bariki, bila ubaya wowote. Akainama, akalisimamisha, akaingiza bega chini yake, akanyanyuka. Alikwenda nalo mpaka kijitoni, akageuka, akarudi, akaliweka chini pole kama anayemlaza mtoto. Ndipo Lerionka alipomtazama vizuri kijana huyo kwa mara ya kwanza. Shingo ilikuwa imeingia mabegani. Mgongo uligawanyika katikati kama mfereji wenye kingo mbili. Mapaja yalikuwa mapaja ya dume, na Lerionka alijua ni dume gani.

"Wewe," alisema polepole, "unakula sehemu gani ya nyama?"

"Ileile anayokula Simel, mzee. Tunakaa hapa hapa mbele yako."

"Basi wamisheni wanakupa dawa."

"Wananipa viazi siku ya Jumapili."

"Na kule kuinamisha kichwa unasema nini? Si ndiko unakovuta nguvu ya nyama ije kwako?"

"Baba," alisema Simel.

"Nyamaza. Ng'ombe wa mama yako kaota mabega kwenye mwili wa mtu mwingine, na wewe unaniambia Baba." Alitupa fimbo chini, akaiokota mwenyewe kwa kuwa hakuna aliyeiokota. "Ni Boma. Boma na wamisheni ni kitu kimoja. Wamemfunga mtoto wangu mwili."

*

Kesho yake mchana, ng'ambo ya kijito, alisikia mtu anakohoa kwa makusudi. Alikuwa Nkasiogi, dada mkubwa wa marehemu Nashilu. Mwanamke haruhusiwi kuitazama nyama ya morani, na Nkasiogi hakuwa mtu wa kuvunja desturi, kwa hiyo alikuwa amesimama ameipa kambi mgongo, mikono kiunoni, akiongea na bonde.

"Shemeji," aliita. "Nimegeuka. Sioni kitu."

"Hata ukiona hutaona la maana. Umefuata nini?"

"Nasikia mtoto wa mdogo wangu ameangusha gogo."

"Bariki ana mdomo."

"Bariki anasikitika. Kasema umemshitaki kwa uchawi wa kuombea chakula."

"Boma limemfunga Simel mwili, ndivyo nilivyosema."

"Boma limemfungia hapa kwako, amelala kivulini?" Nkasiogi alitikisa kichwa kuelekea bondeni. "Shemeji, dume unayemfungia kibandani, unamletea majani mpaka mdomoni, hatembei hata kwenda mtoni. Siku ukimtoa ukimfunga kwenye gari la maksai la Kaburu, atavuta?"

Lerionka aliokota kijiti, akakivunja.

"Atavuta pumzi," alisema Nkasiogi. "Wewe umenenepesha, hukutia nguvu. Nyama inasubiri kuambiwa iende wapi. Hujaiambia, imekwenda tumboni."

"Mimi nilikula orpul. Mabega haya yametoka orpul. Uliza mtu yeyote."

"Niulize mimi. Mlipotoka orpul, mimi na Nashilu tulikuja njiani kuwatazama, wasichana. Alikuwa ameshaambiwa mumewe atakuwa wewe. Akanishika mkono akaniuliza, ni yule mwenye tumbo kama kibuyu? Nikamwambia ndiye huyo. Alilia mpaka nyumbani."

Nyuma ya Lerionka, Simel alijifanya kukohoa.

"Uongo," alisema Lerionka.

"Mabega uliyapata baadaye, ulipobeba mawe ya kujengea ukuta wa Boma. Wakati huo Simel alikuwa anachunga wana-kondoo. Kutwa mawe, na jioni Nashilu anakuja na kibuyu cha maziwa na damu mpaka chini ya ule ukuta, anakukalisha, unakunywa mbele yake. Mimi nilimwambia, huyo mwanaume si atakuja kula nyumbani? Akaniambia, dada, mawe yanamla mtu asiyekula. Kila siku, shemeji. Ukuta ulipokwisha, ulikuwa na mabega."

Kijito kilisikika. Lerionka aliukumbuka ukuta ule kuliko alivyotaka. Alikumbuka kiboko, na jua, na askari wakicheka. Alikumbuka pia kibuyu, ubaridi wake viganjani. Lakini siku zote alikuwa ameyaweka mambo hayo mawili mahali pawili tofauti, yasikutane.

"Kwa hiyo niwashukuru," alisema mwishowe. "Walionichapa. Niende Bomani niseme asanteni kwa mabega."

"Sijasema uwashukuru. Nimesema mawe yalikuwa mazito na maziwa yalikuwepo. Kimoja bila kingine ni bure. Mtazame Loishiye. Anabeba mawe sawa na Bariki, kutwa, na jioni ni uji wa maji. Kazi ileile inayomjenga Bariki inamchonga yeye kama kisu kinavyochonga fimbo. Mwite naye ale."

"Nyama imebaki ya vibuyu tu."

"Mwite."

"Imebaki ya vibuyu tu, Nkasiogi. Umesema yako, nimesikia. Angalia usiteleze kwenye mawe."

"Nitatelezaje, mimi naona ninakokwenda," alisema Nkasiogi, akaondoka bila kugeuza shingo. "Maziwa nitaleta kila siku. Nitayaacha hapa kwenye jiwe."

*

Hakuna jambo lililomchoma Lerionka kama kwenda tena kwa Lemburis. Alimkuta amekaa kwenye kigoda, anatafuna, na alikuwa na hakika kabisa kinachotafunwa ni kondoo wake.

"Nataka umrudishe Simel barabarani," alisema.

"Yule mgonjwa?"

"Amepona."

"Ulikuja kumtoa, nikamtoa. Sasa unakuja kumwingiza." Lemburis alilamba vidole. "Watu wananiletea kondoo ili watoke. Sijawahi kumwona anayeomba kuingia. Unanitega, mzee?"

"Mweke kwenye mawe makubwa."

"Kwenye makubwa?"

"Usinifanye niseme mara mbili. Mimi si nyampara."

Kwa hiyo mwezi wa pili ulikwenda hivyo. Simel alishuka barabarani alfajiri na Bariki. Siku za kwanza alirudi amekwisha, mikono inatetemeka mpaka kibuyu kinagonga meno. Lerionka alikasirika: alimkasirikia Bwana Kamba aliyetaka mawe yasogezwe upande huu na kesho yake yarudishwe upande ule kwa sababu kamba ilikuwa imekosea, alimkasirikia Lemburis aliyesimama kivulini akihesabu jasho la wenzake. Lakini alishika ulimi kambini. Aliwagawia nyama ya mafuta kwa kipimo, akawaletea maziwa ya Nkasiogi kutoka kwenye lile jiwe, akachemsha mifupa mpaka ikawa haina cha kutoa. Vijana walikula, wakalala kama waliokufa, wakaamka.

Na jioni moja Lerionka aliona. Simel alikuwa ameinama kunawa kijitoni, na mgongoni, pale palipokuwa na mbavu, kisha mafuta, palikuwa na kitu kingine, kigumu, kinachokwenda na kurudi chini ya ngozi kama samaki chini ya maji. Tumbo lilikuwa limekwenda. Lerionka aligeuka upande wa pili, akaukemea moto.

Mara kadhaa, akishuka nyumbani, alipishana na Loishiye anatoka kazini. Kijana alimsalimu vizuri kila mara. Kila mara alikuwa mwembamba kuliko mara iliyopita, na kila mara Lerionka aliliambia Boma moyoni mwake maneno mabaya sana.

Nyama ikawa imebaki kibuyu kimoja. Alikificha kwa ajili ya siku yenyewe.

*

Siku ya kuchagua, Bwana Kamba alipima magogo yote kwa kamba yake, moja baada ya jingine, ingawa yalikwisha kupimwa yalipokatwa. Watu walisimama juani wakisubiri kamba. Kisha Lemburis akaanza kuita.

Bariki alinyanyua gogo lake kama aliyezoea, akaenda, akaliweka. Akaitwa Simel. Lerionka alijikuta ameshika fimbo kwa mikono miwili. Mwanawe alichuchumaa badala ya kuinama, akalivuta gogo mpaka kifuani, akasimama nalo, akatulia. Kwa muda halikwenda juu wala chini. Mishipa ya shingo ilisimama. Halafu akazungusha kiuno, bega likaingia chini yake, na gogo likakaa. Alitembea. Mguu wa kushoto ulitetemeka kila alipoukanyagia, lakini aliukanyagia, mpaka mtoni.

Bwana Kamba alimgonga begani kwa ncha ya kifimbo, kama mtu anayejaribu mtungi. "Kazi mzuri," alisema kwa Kiswahili chake. "Kazi kutengeneza mtu."

Lerionka alifungua mdomo amjibu. Kabla hajasema neno, jina la Loishiye likaitwa.

Loishiye alijua kulishika gogo kuliko wote, maana alikuwa hajakosa siku hata moja barabarani. Alichuchumaa vizuri, akalivuta vizuri, likafika kifuani. Pale mwili ukatafuta mahali pa kutoa kilichobaki, haukupata. Magoti yalijikunja. Alijaribu tena. Mara ya tatu hakuliinua, alilikumbatia tu, amelaza shavu juu ya gome, mpaka Lemburis alipomgusa na kumwonyesha upande wa wale wa Tanga.

"Na huyo?" alisema Lerionka kwa sauti, akimwelekea Bwana Kamba. "Huyo kazi imemtengeneza nini? Amefanya kuliko wote. Mwulize, Lemburis. Mwambie kwa Kiswahili chako."

Lemburis aliitazama kofia yake mkononi. Hakutafsiri.

Watu walipotawanyika, Lerionka alikaa na vijana wake chini ya kingo za mto, mbali na njia ya wanawake, akafungua kile kibuyu cha mwisho. Harufu ya mafuta ikatoka. "Kuleni," alisema. "Mmeliweza gogo. Sasa hamwendi popote."

Bariki hakufumba macho kushukuru. Simel hakunyoosha mkono.

"Tuko watatu, Baba," alisema.

"Wawili. Umesahau kuhesabu?"

"Tulitahiriwa siku moja, watatu. Siku ile alipokuja kambini nilitazama moto kwa sababu wewe ni baba yangu." Alisimama, akajifuta magome begani. "Leo sina njaa."

"Si mimi ninayepeleka watu Tanga," alisema Lerionka. "Boma ndilo linalopeleka. Bwana Kamba na kamba yake. Lemburis. Mimi nimempeleka nani?"

Simel na Bariki walikwenda kwenye magogo yao.

*

Asubuhi, wale wa Tanga waliondolewa kwa barabara ya Moshi, askari mmoja mbele na mmoja nyuma. Lerionka aliwafuata. Magoti yake yalikuwa ya mtu aliyekula uji amesimama kwa miezi miwili, na kibuyu kilimgonga ubavuni, na njia nzima aliwatukana walioamua barabara iwe ndefu hivyo. Aliwapata karibu na Nduruma, wamepumzika kivulini.

"Wewe mzee unataka nini?" aliuliza askari.

"Nataka kukaa. Kukaa nako kuna ruhusa?"

Askari alichoka kabla hajaanza, akamwacha. Lerionka alikaa chini mbele ya Loishiye, akaweka kibuyu katikati yao, akakifungua.

"Kula."

Loishiye alikitazama. "Peke yangu siwezi, mzee. Unajua."

"Najua."

"Na wewe si rika langu."

"Mwenye ng'ombe wengi ndiye anayechagua rika. Mimi nina kibuyu." Lerionka aliingiza vidole, akatoa kipande, mafuta yakamtiririkia mkononi. Hakuwa ameonja dume yule hata siku moja. Alitafuna. Ilikuwa nyama nzuri, nyororo, na ilimkera jinsi ilivyokuwa nzuri. "Haya, nimeanza. Sasa hauli peke yako."

Loishiye alikula. Mwanzoni polepole, kwa adabu, halafu si polepole. Lerionka alikula naye kidogo kidogo, akimwachia vipande vikubwa, akiongea muda wote ili asitazamwe usoni.

"Huko watakupa kazi, kazi hawajui kuinyima. Chakula ndicho watakunyima. Kitafute. Uza nguo, omba, iba mihogo yao ya shamba, sijali, lakini usibebe kitu bila kula. Mawe yanamla mtu asiyekula. Mkonge nao hivyohivyo. Na usile peke yako, tafuta mwenzako hata akiwa Mnyamwezi."

"Sawa, mzee."

Askari aliinuka, akapiga makofi. Watu wakaanza kusimama. Loishiye alifunga kibuyu kilichobaki na chakula chini kabisa, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Kaa nacho," alisema Lerionka. "Lakini ni kibuyu cha Nashilu. Ninakitaka."

"Nitakirudisha."

"Wewe mwenyewe. Usimpe mtu aniletee."

Alibaki amekaa mpaka vumbi lao lilipotua. Kisha akaanza kurudi, akimlaani Lemburis, na kofia ya Lemburis, na Bwana Kamba, na kamba yake, na mto Nduruma kwa kuwa mbali, na kila alipofika mwisho wa wote wanaostahili laana alisita kidogo, kana kwamba kuna mmoja amemsahau, akaanza tena na Lemburis.